Umbea wa Leo ni Wangu: Ile Klipu ya Harusi ya Chake Mliyoicheka

Wadau, leo sina umbea wa mtu. Umbea ni wangu mwenyewe, na nimeukalia zaidi ya mwaka.

Kuna klipu mliicheka sana. Wengine mliirusha kwenye magrupu, wengine mkaiwekea sauti ya punda kule TikTok (mmoja wenu ni binamu yangu, namjua, na yeye anajua kama namjua). Bi mkubwa mmoja wa taarab, Mpemba, jina kubwa, yuko jukwaani kwenye harusi Chake Chake. Mdomo unacheza, mkono unapepea, lakini sauti haisikiki. Kinachosikika ni kitu kama trekta lililokwama kwenye tope. Katikati ya ubeti anashusha maiki, anatabasamu lile tabasamu la mtu mzima aliyekwazika, anakwenda kukaa. Mkaandika sauti imekwisha. Mkaandika apumzike sasa alee wajukuu.

Sauti haikwisha. Lile trekta lilikuwa mimi.

Jina lake silitaji, na wewe unayemjua kaa kimya hivyo hivyo. La kwangu pia silitaji, maana bado nataka kualikwa kwenye harusi. Lakini nataka mjue ilivyokuwa, kwa sababu yule mama alibeba lawama ya kitu kidogo chenye ukubwa wa kiberiti, nilichokifunga mimi kwa mkono wangu kwenye gitaa langu.

Ilianza mazoezini. Siku moja alikuja kachelewa, akakaa, akavua viatu, akasema, "Wanangu, mie kule juu sipandi tena. Umri huu. Nyimbo ni zile zile, lakini tushuke." Kapita hamsini, na sauti ya mwanamke ikifika umri ule huteremka yenyewe, si ugonjwa wala si hasadi ya mtu. Tukajaribu toni moja chini, bado anajikamua. Tuliposhuka toni mbili ndipo akatua. Na wallahi ilikuwa nzuri kuliko zamani: nzito, ina kivuli, unasikia maneno yote. Akatupa sharti moja tu. Watu wasijue. Wimbo usikike ni ule ule, asitokee mtu akasema bibi kashushiwa.

Mpiga kinanda alibonyeza kitufe, akamaliza kazi, akatoa simu akaanza kuchati. Nawaonea wivu watu wa kinanda. Mimi nikabaki na gitaa mapajani.

Asiyepiga gitaa atauliza: si uhamishe tu vidole? Ungeweza, kama mapigo yako yote ni ya kubana. Lakini nyimbo zake zimetungwa juu ya nyuzi zilizo wazi. Kuna kipande kimoja mashuhuri (ukikisikia tu kinamama wanainuka na noti mkononi) ambacho mwisho wake uzi mnene wa E unaachiwa uvume peke yake. Ukihamia pahala pengine pa shingo, ule mvumo haupo. Na kile kibanio cha kapo kinapandisha tu, hakishushi. Kwa hiyo ilibaki njia moja: kulegeza nyuzi zote sita, toni mbili, E iwe C.

Hapo nikaingia kwenye ulimwengu nisioujua. Uzi wa E wa kawaida unatikisika mara 82 kwa sekunde. Ukiushusha hadi C unatikisika mara 65. Inaonekana kama tofauti ndogo, lakini mkazo wa uzi unafuata mraba wa hizo namba, kwa hiyo unabaki asilimia 63 tu ya mkazo wa mwanzo. Nyuzi zangu za 9 kwa 42, zile nyembamba zinazopendwa na kila mtu, zikawa kama kamba ya kuanikia nguo. Ukigusa zinagonga freti, ukibana kidogo tu zinapanda toni.

Nikamuuliza mdogo wangu. Huyu ni wa Wete, ana miaka ishirini na kidogo, anasikiliza metali, nywele kazifuga mpaka mama kachoka kusema. Ndiye aliyenijulisha Duma wa Nairobi, wale vijana waliotoa albamu yao mwaka 2020, inayopiga kelele mpaka paka wa jirani akahama. Metali wote wanashusha nyuzi. Nikamwambia, "Dogo, mimi nacheza taarab, lakini nimeshuka mpaka C, nifanyeje?" Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanihadithia habari ya Tony Iommi wa Black Sabbath: kijana wa Birmingham aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi ili mkono upate nafuu. Kwenye albamu yao ya mwaka 1971, Master of Reality, kuna nyimbo zilizoshushwa toni moja na nusu. Mimi nilikuwa nadhani mambo ya kushusha ni ushetani. Kumbe yalianza na mtu anayeumwa vidole anayetaka kuendelea na kazi yake. Nikamfikiria Bi mkubwa na kiti chake mazoezini.

Ushauri wa dogo ulikuwa mfupi: nyuzi nene na pikapu kali. "Kaka, ukishuka chini unataka pikapu yenye nguvu. Kali kuliko zote unayoweza kupata."

Kwa wasiojua, pikapu ni ile sehemu iliyo chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unazalisha umeme kidogo kwenye ule waya, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Nilipoandika kwenye grupu la mtaa "natafuta pikapu kali kwa bei nzuri" nilipata majibu kumi na moja, yote ya Toyota. Mzee mmoja mpaka leo akiniona ananiuliza kama nilipata gari.

Mwisho nilimpata jamaa anayekaa Maskat, shemeji wa shemeji, mjuavyo Wapemba hatukosi mtu Oman. Alikuwa anakuja likizo. Nikamwagizia hambaka ya sumaku ya seramiki, kali, aina inayopendwa na watu wa metali.

Kwa nini hambaka na si ile pikapu ya koili moja niliyokuwa nayo? Hapa nilichagua sawasawa, naomba nihesabiwe hilo. Koili moja inaokota kila mngurumo wa umeme ulio karibu. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, tangu enzi za majenereta ya hapa hapa kisiwani mpaka sasa tunapoletewa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Nenda ukumbi wowote wa harusi uone: taa za mapambo mia tatu, waya zimeungwa na selotepu, ethi hakuna, friji la soda linanguruma nyuma ya jukwaa. Gitaa lenye koili moja pale linaimba taarab yake peke yake, mmmmmm, kabla hujagusa uzi. Ukiwa umeshuka mpaka C ya 65 ndiyo balaa zaidi, kwa sababu noti zako zimekwenda kukaa jirani na ule mngurumo. Hambaka ina koili mbili, na zimepangwa kinyume hivi kwamba mngurumo wa moja unafuta wa mwenzake huku sauti ya uzi ikibaki. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya yake mwaka 1955. Mungu amlaze pema, kaokoa harusi nyingi.

Kosa langu lilikuwa kwenye neno "kali".

Pikapu inafanywa kali kwa kuongeza mizunguko ya waya, au sumaku yenye nguvu, au vyote. Ukiongeza mizunguko sauti inakuwa kubwa, kweli, lakini ile mwanga ya juu inakufa na katikati inavimba. Kwa mtu wa metali anayetaka gitaa liwe ukuta, huenda akaipenda. Na hata wao, nilikuja kusoma baadaye, wengi wanaoshuka sana hukimbia pikapu zilizonona, wanataka iliyo safi na kavu kule chini, maana uzi mlegevu tayari una besi ya kutosha. Mimi nilichukua tope nikaliongezea maji.

Nilifunga Alhamisi, harusi Jumamosi. Nyumbani nilijaribu peke yangu, ikasikika tamu! Nene, kama halua ya Wete. Gitaa likiwa peke yake chumbani linakudanganya. Hakuna mwimbaji pale, hakuna besi, hakuna kinanda. Mke wangu akapita mlangoni akasema, "Mbona linaziba masikio?" Nikamwambia hajui mambo haya.

Ukumbini mnajua kilichotokea. Ile pikapu ilipeleka umeme mwingi kwenye pedali yangu mpaka ikawa inakwaruza. Fundi mitambo akanipunguza, bado tope. Na tope lenyewe, kwa lugha ya mafundi, linakaa kati ya Hezi 200 na 500. Haya, niambie sauti ya Bi mkubwa, baada ya kushuka toni mbili, ilikuwa imehamia wapi? Hapo hapo. Mwili wote wa sauti yake ulikuwa kwenye chumba kile kile nilichokijaza mimi. Zamani alipokuwa anaimba juu tulikuwa tunapishana, yeye ghorofani mimi chini. Sasa kashuka, na mimi badala ya kumsogezea kiti nimevamia kitanda kizima.

Alishusha maiki ubeti wa pili. Nikaendelea kupiga kama mjinga noti sita saba hivi. Zimo kwenye klipu.

Usiku ule ningeweza kusema. Ningeweza kuandika chini ya klipu ya kwanza kabisa: jamani, gitaa ndilo lenye makosa. Sikuandika. Ilipofika watazamaji elfu arobaini nikajiambia sasa nimechelewa. Kwenye bendi watu wakasema ni mitambo, wengine wakasema ni bibi mwenyewe, mimi nikaitikia wote wawili. Mwezi mzima hakutuita mazoezini. Harusi mbili alizialikwa akazikataa.

Niliyemwambia wa kwanza alikuwa yeye. Nilikwenda kwake asubuhi, msimu wa karafuu, nikamkuta barazani anachambua, karafuu huku makonyo kule, vidole vimekuwa vyeusi. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea busati. Nikachambua naye kama nusu saa kabla sijapata ulimi.

"Bi mkubwa, siku ile Chake. Gitaa langu ndilo lililokufunika. Nilibadilisha kitu, sikukijaribu na wewe."

Hakuacha kuchambua. Akakaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Mwanangu, mie siku ile niliimba vizuri. Nilijua nimeimba vizuri. Nikarudi nyumbani wakanionyesha kwenye simu, nikasema basi, kumbe masikio yangu ndiyo yaliyokufa, sisikii tena kama nimetoka au sijatoka. Ndipo nikaogopa. Sauti ikipungua mtu anaijua. Lakini usipojisikia tena, utaimbaje?"

Wadau, nimepigwa makofi maishani na walimu wa skuli na wa chuoni. Hakuna lililouma kama lile.

Akatupa makonyo pembeni. "Basi katengeneze. Na nyuzi zile zifunge vizuri, zinalegea kama ushanga."

Pesa ya pikapu nyengine sikuwa nayo. Nikaenda kwa fundi redio mmoja mtaani kwetu. Huyu gitaa hajawahi kushika, lakini spika za misikiti nusu ya mji huu kaziunga yeye. Nikamweleza. Akafungua, akavuta waya za pikapu, akahesabu: nne, na ule wa ngao. Akapima kwa mita yake, kilo-omu 16.

"Mna koili mbili humu?"

"Mbili."

"Zimeungwa foleni. Umeme unapita ya kwanza, kisha ya pili. Sasa mbona usizipange bega kwa bega?" Akaniambia ni kama spika mbili za msikiti, ukiziunga foleni na ukiziunga sambamba hazitoi sauti ile ile, na fundi asiyejua tofauti atafanya adhana itoke kama mtu kafunikwa ndoo. Akashika chuma cha kulehemu. Dakika kumi, pamoja na simu aliyopokea katikati. Akapima tena: kilo-omu 4.

Namba ile si kipimo cha utamu wala cha ukubwa wa sauti, usimwache muuza duka akudanganye nayo. Lakini nilipochomeka nilikaa chini. Ilikuwa pikapu ile ile. Sauti imepungua, ndiyo, nikaongeza kidogo kwenye amplifaya ikawa sawa. Lile tumbo la katikati limekwenda. Mwanga ya juu imerudi, unasikia kucha inavyogusa uzi. Na mngurumo wa umeme hakuna, kwa sababu koili zote mbili bado zinafanya kazi na bado zinafutana. Ningekata koili moja ningepata uwazi lakini mngurumo ungerudi. Fundi alinitoza shilingi elfu tano na akaniomba nimpigie wimbo wa Bi mkubwa. Nilimpigia kile kipande. Ule mvumo wa mwisho, C iliyo wazi, ulikaa hewani mpaka mteja mwenye redio mkononi akanyamaza.

Nikamalizia mengine. Nyuzi nikahamia za 11 kwa 52. Nilipiga hesabu: uzi wa 52 kwenye C unarudisha karibu mkazo ule ule wa 42 kwenye E, kwa hiyo vidole vyangu vikajihisi vimerudi nyumbani. Mifereji ya pale juu ya shingo ilibidi niipanue kwa msasa, maana uzi mnene haukai. Pikapu yenyewe niliiteremsha, ikakaa mbali na nyuzi kama unene wa sarafu mbili. Uzi ulioshushwa unapepea kwa upana, na sumaku kali ikiwa karibu mno inauvuta, noti inayumba kama mlevi hata ukiwa umetyuni vizuri. Hilo nililigundua usiku wa manane baada ya kulaumu mashine ya kutyuni kwa saa nzima.

Dogo bado ananishawishi nijaribu zile pikapu za betri. Najua ni safi na kimya. Lakini betri ya volti 9 ikifa saa sita usiku kwenye harusi ya Konde, utaitoa wapi? Kwenye redio ya bwana harusi?

Mazoezi ya kwanza baada ya hapo Bi mkubwa aliniambia nipige peke yangu kwanza. Nikapiga. Akaniambia sasa piga, mie niimbe, na msizime feni. Akaimba ubeti mmoja kafumba macho, kaweka kiganja nyuma ya sikio. Alipomaliza akamgeukia mpiga kinanda, akamwambia yeye naye apunguze mkono wa kushoto.

Harusi iliyofuata ilikuwa Mkoani. Klipu ipo, imepata watazamaji mia tatu na kitu, maana jambo likienda vizuri hamtazami. Itafuteni. Kwenye ubeti wa pili, pale alipokaa mara ile, kuna mama kavaa buibui anainuka na noti ya elfu kumi, anasimama katikati ya njia, anasahau kuitoa.

Wiki iliyopita kanipigia simu. Anasema asubuhi sauti inatoka vizuri zaidi ikiwa chini kidogo tena, nusu toni. Nimeshaagiza nyuzi za 12 kutoka Dar, zinakuja na boti.